Taa ya Tano ya Redio ya Mama Mkwe

Redio ya mama mkwe ilikaa kimya miaka kumi na mmoja bila kumdhuru mtu yeyote, mpaka Jumapili moja mchana mkwe wake alipoamua kuitibu mbele ya watu.

Mkwe mwenyewe alijulikana mtaani kwa jina la Daktari. Jina hilo hakupewa na mtu, alijipa. Juu ya mlango wa kibanda chake cha ufundi alikuwa ameandika kwa mkono wake, kwa rangi nyekundu, DAKTARI WA REDIO ZA KALE, na chini yake, kwa herufi ndogo zilizojikunyata, "pia pasi, feni na chaja". Redio za kale zilikuja moja kwa mwezi, miezi mingine hazikuja. Zilizomlisha zilikuwa pasi, feni na chaja. Lakini mtu akimuuliza anafanya kazi gani, pasi hazikutajwa kamwe.

Jumapili hiyo shemeji yake, kaka mkubwa wa mkewe, alikuwa amekuja kumwangalia mama yake. Shemeji alikuwa karani wa bima, mtu wa shati jeupe lililonyooshwa mpaka kwenye makwapa, na mwenye desturi ya kuketi ukingoni mwa kochi kama anayeogopa kuchafuka. Mama yao alikuwa amehamia kwa bintiye miezi miwili nyuma, macho yalipokwisha nuru, akaja na sanduku moja la nguo na redio ya marehemu mumewe: sanduku kubwa la mbao la rangi ya kahawia, lenye kitambaa mbele na vifundo viwili vinene kama vizibo.

"Hii redio mngeiuza," alisema shemeji. "Kuna mwenye mkahawa mmoja ananiuliza vitu kama hivi, apambie ukuta. Hapa inakusanya vumbi tu, na Mama hata haioni."

"Redio haionwi, inasikilizwa," alisema mama mkwe kutoka kwenye kiti chake cha dirishani.

"Haya, Mama. Inasikika?"

Hapo ndipo Daktari alipotakiwa kunyamaza. Mkewe alimkata jicho, jicho lile la mwalimu wa darasa la pili ambalo limewahi kunyamazisha watoto hamsini kwa mpigo. Daktari aliliona, akalielewa, akalipita.

"Shemeji," alisema huku akikunja mikono ya shati, "nipe dakika tano. Utaisikia leo leo."

Sasa, kuna sheria moja ambayo kila fundi wa redio za kale anaijua. Redio iliyolala miaka haichomekwi kwenye umeme hivi hivi. Unaifungua kwanza, unabadilisha zile kapasita zake zilizokauka, vikopo vinavyotunza umeme ndani yake, kisha unaipitishia umeme kwenye balbu ili uingie kidogo kidogo, kwa kunyata. Daktari aliwahi kuwafundisha sheria hiyo watu wengi ambao hawakumuuliza: kinyozi wake, muuza maziwa, hata mwalimu mkuu wa shule ya mkewe kwenye sherehe ya kuwaaga waliostaafu. Aliifahamu kwa moyo. Lakini kufungua redio ni kazi ya siku mbili, na shemeji alikuwa ameangalia saa.

Akaichomeka.

Kwa kitambo kidogo mambo yalikuwa mazuri. Nyuma ya kitambaa, taa zake tano za kioo, zile ambazo mafundi huziita valvu, zilianza kuiva rangi ya dhahabu. Spika ikatoa mvumo. Daktari akageuka awatazame watazamaji wake, mkono mmoja kiunoni. Ndipo ukatokea mlio, pa!, ukafuatwa na moshi mzito wa kijivu, na vipande vya karatasi nyeupe vikaruka hewani na kutua taratibu juu ya kochi, juu ya zulia na juu ya mfuko wa shati la shemeji.

Mkewe ndiye aliyekimbilia swichi.

"Ndiyo matibabu yenyewe?" aliuliza shemeji, akijibandua kipande cha karatasi kwa ncha za vidole.

"Ina... inajisafisha," alisema Daktari.

Inajisafisha! Hata yeye, katikati ya kikohozi, alilisikia neno hilo na kumwonea haya mtu aliyelisema.

Mama mkwe aliinua pua. "Kuna kitu kinaungua?"

"Hapana, Mama. Ni vumbi la zamani."

"Ehe," alisema mama mkwe, akarudisha uso wake dirishani.

"Ni vipuri vidogo tu," Daktari aliendelea, kwa sababu mdomo wake haukuwa na breki. "Naviagiza kesho. Wiki mbili, Shemeji, utakuja kucheza muziki hapa."

Shemeji alipoondoka, mke wa Daktari alileta ufagio, akasimama nao bila kufagia.

"Baba Pacha," alisema, akimwita kwa watoto wao waliokuwa shule ya bweni. "Umeichoma redio ya baba yangu."

"Haijaungua yote."

"Nieleze kama mtoto wa darasa la pili."

Daktari alieleza. Taa nne zilikuwa nzima. Ya tano, ile inayosukuma sauti kwenye spika, ilikuwa imekufa. Kapasita moja kubwa ilikuwa imepasuka, na nyingine tatu zilikuwa njiani. Vilivyobaki vilisalimika, kwa bahati na si kwa akili.

"Na hivyo vitu vinauzwa wapi?"

Daktari aliokota kipande cha karatasi kwenye kochi. Miaka kumi na minane ya udaktari, na vipuri vyake vyote alikuwa akivichuna kwenye maiti za redio nyingine. Maiti sasa zilikuwa zimebaki tatu, na hakuna hata moja iliyokuwa na taa ya namba ile. Duka alikuwa halijui.

"Kuna watu wangu," alisema.

Mkewe alianza kufagia.

*

Watu wake hawakuwapo. Kulikuwa na mtaa mmoja mjini wenye maduka ya vifaa vya umeme pande zote mbili, na Jumatatu Daktari aliushika tangu mwanzo wake, taa iliyokufa akiwa ameifunga kwenye leso safi kama jino la dhahabu.

Duka la kwanza, dada wa kaunta aliigeuza geuza kwenye mwanga. "Ni chupa ya manukato?"

"Ni valvu, binti yangu. Kabla hujazaliwa, dunia yote ilikuwa inaongea kwa hizi."

"Sasa hivi tunauza kava za simu," alisema dada kwa upole, akaifunga tena kwenye leso, vizuri kuliko Daktari alivyoifunga.

Duka la pili walimwambia aende la sita. La sita walimwambia aende la pili. La tisa mwenye duka aliita wenzake waje waione, wakaipiga picha, wakamshukuru. Kwenye duka la kumi na moja kulikuwa na kijana mchangamfu wa miwani myeusi ambaye hakuishangaa hata kidogo.

"Taa hiyo sina, mzee. Lakini kapasita za umeme mkubwa ninazo. Mpya, kutoka kiwandani."

Akaziweka juu ya kaunta: nne, nene, nyeusi, zinang'aa, namba zake zimeandikwa kwa dhahabu. Daktari alizipima uzito kwa kiganja, akanusa moja, akakunja uso kama mnunuzi wa ng'ombe.

"Mimi hunidanganyi," alimwambia kijana. "Hii kazi nimeifanya tangu ukiwa unatambaa."

"Naona, mzee. Mtu anayejua anaonekana."

Alilipa bila kuomba apunguziwe. Unamwombaje punguzo mtu aliyekwisha kukutambua?

Kibandani aliziweka kwenye mita, na hazikufika hata robo ya kilichoandikwa. Alibadilisha betri ya mita. Alibadilisha nyaya za mita. Mwisho alichukua msumeno mdogo, akaikata moja katikati. Ndani ya kopo kubwa mlikuwa na kikopo kidogo cha kawaida, cha thamani ya pipi mbili, kimezungushiwa karatasi ili kisichezecheze, kama mtoto aliyevalishwa koti la babake. Daktari alikitazama muda mrefu. Ilimjia kwamba kama kuna mtu angemkata na yeye, angekuta kitu cha namna hiyo hiyo.

Hakurudi kugombana. Angesema nini? Kwamba amedanganywa?

Kwa taa alijaribu njia ya simu. Alipata muuzaji wa mbali anayetangaza kuwa anatafutia watu chochote kutoka popote. Daktari angeweza kumwandikia namba ya taa, herufi nne tu. Lakini ilionekana kwake kama kumkosea heshima kifaa kile kukiita kwa namba kama mfungwa. Akaandika: "Natafuta taa halisi ya zamani, ya kioo, yenye joto, inayotoa mwanga laini wa dhahabu. Ubora ndio muhimu." Muuzaji akajibu baada ya dakika moja: "Ninayo boss."

Wiki tatu baadaye kifurushi kilifika, kikafunguliwa mezani mbele ya mkewe. Ndani yake mlikuwa na waya mrefu wa taa ishirini za kupamba, za kuning'iniza kwenye miti na kumbi za harusi. Za kioo. Zenye mwanga laini wa dhahabu.

Mkewe alichukua simu, akausoma ule ujumbe kwa sauti, akafika kwenye "yenye joto", akashindwa kuendelea. Alicheka mpaka akakaa chini sakafuni, akaegemea mguu wa meza.

"Ulikuwa unaagiza kipuri," alisema akijifuta macho, "au unaposa?"

Mama mkwe aliuliza kutoka chumbani kwake wanacheka nini. Wote wawili wakanyamaza papo hapo, na kicheko kikageuka kuwa kitu kingine. Kila asubuhi, mwalimu akienda shule na Daktari akienda kibandani, yule mama alibaki peke yake dirishani mpaka saa nane. Walimnunulia kiredio kipya cha plastiki. Alikisikiliza siku mbili, akasema kinaongea kama mtu aliyebanwa pua, akaomba kiondolewe.

"Mwambie ukweli," mkewe alinong'ona.

"Nitamwambia."

"Lini?"

Simu ikalia. Alikuwa shemeji. Anakuja Jumamosi, ule muziki umefika wapi?

"Uko tayari," alisema Daktari.

*

Alichokifanya Ijumaa, Daktari hakukionea fahari, ingawa alikifanya kwa ustadi mkubwa, na hilo lilimkera zaidi. Alikichukua kile kiredio cha plastiki, akakivua ganda, akaufunga utumbo wake ndani ya sanduku la mbao na kuuunganisha na spika ya zamani. Alifunga kibalbu cha njano nyuma ya kioo cha namba. Kifundo cha kushoto alikiunganisha na swichi mpya. Ukiitazama kwa mbele, redio ilikuwa imepona. Ukiisikiliza pia ilikuwa imepona, kwani ile spika kubwa iliondoa sauti ya puani yote.

Mkewe alikuwa anasahihisha madaftari. Aliinua kichwa, akaona, akaelewa.

"Mimi sijui kitu," alisema, akarudi kwenye madaftari.

Jumamosi shemeji alisimama katikati ya sebule, Daktari akazungusha kifundo, na mtangazaji akaanza kusoma taarifa ya hali ya hewa kwa sauti nzito iliyojaza chumba. Shemeji alipiga makofi. Alipiga makofi kweli, kwa mikono miwili, na akamshika Daktari bega.

"Nilikudharau, Shemeji. Nasema mbele ya Mama: nilikudharau."

Kwa miaka kumi na minane Daktari alikuwa akiingojea sentensi hiyo. Alikuwa ameshaisikia mara nyingi akioga. Sasa ilipokuja, alitazama kifundo ili asimtazame mtu. Mama mkwe aliketi mkono juu ya mkono, akisikiliza kwamba mvua itanyesha kiasi.

"Mama, umefurahi?" aliuliza shemeji.

"Inasema vizuri," alisema mama mkwe.

Asubuhi ya Jumatatu, mwalimu alipokwisha kuondoka, mama mkwe alimwita. "Baba Pacha. Njoo ukae."

Daktari alikaa. Mkwe na mama mkwe hawakuwa na mazoea ya kukaa wawili. Kwa kawaida walisalimiana, wakaulizana hali, wakaachiana nafasi. Alikaa mbali kidogo, magoti pamoja.

"Iwashe."

Aliwasha. Mtangazaji akaanza hapo hapo.

"Zima."

Alizima.

"Marehemu alikuwa akiiwasha," alisema mama mkwe, "halafu anakwenda kunawa mikono. Akirudi, anavuta kiti, anakaa, anakohoa. Ndipo inaanza kusema, polepole, kama mtu anayeamka. Miaka yote ile haikuwahi kusema kabla hajanawa mikono." Aligeuza uso upande wa redio. "Hii yako inajibu kabla haijaulizwa."

Daktari aligeukia redio. Kila mtoto wa ufundi anajua kwamba taa za kioo lazima zipate joto kwanza, nusu dakika au zaidi. Alikumbuka kibalbu cha njano. Alikumbuka swichi. Hilo la kungoja hakulikumbuka.

"Mkwe wangu, umenifungia mtu mwingine ndani ya nyumba ya mume wangu."

"Mama..."

"Na ile Jumapili ya kwanza. Vumbi la zamani, ukasema. Macho yangu yameondoka, pua haijahama."

Daktari alitazama vidole vyake vyenye makovu ya risasi ya kuunganishia nyaya. Alitafuta neno la kitaalamu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake halikupatikana. "Niliiunguza, Mama. Nilitaka sifa. Najua haichomekwi vile, namwambia kila mtu haichomekwi vile, nikaichomeka."

"Imekufa?"

"Mama, mimi nitajitahidi..."

"Sikukuuliza jitihada. Nimeshazika mume, nimezika na dada zangu wawili. Redio haitanishinda kuzika. Kama imekufa, niambie imekufa."

"Haijakufa," alisema Daktari. "Inakosa taa moja na kapasita nne. Sijui zinapatikana wapi."

Ilikuwa mara ya kwanza kusema maneno hayo matatu ya mwisho kwa sauti. Paa halikuanguka.

"Basi katafute," alisema mama mkwe. "Na mdomo uuache nyumbani, niutunze mimi. Lakini kabla hujaenda, mpigie mwanangu. Mwambie mwenyewe."

Alipiga simu akiwa amesimama, mbele yake. Shemeji alisikiliza mpaka mwisho. Nyuma yake zilisikika mashine za ofisi ya bima.

"Shemeji," alisema hatimaye, "yale makofi yangu naomba unirudishie." Akakata.

*

Mlango wa pili kutoka kwenye kibanda cha Daktari palikuwa na fundi friji. Kwa miaka kumi Daktari alimsalimia kwa kidevu, kwani friji, kwa maoni yake, ni kabati lenye baridi. Siku hiyo alikwenda na kigoda chake mwenyewe, akakaa.

"Jirani, natafuta taa ya redio ya zamani. Nimezunguka, sijui pa kuipata. Wewe ungekuwa mimi ungekwenda wapi?"

Fundi friji aliweka bisibisi chini. "Hilo tu? Kwa Bibi Kilo, nyuma ya stoo za nafaka. Ile karakana ya kituo cha utangazaji ilipofungwa, yeye ndiye aliyezoa kila kitu. Shaba yangu yote naipata kwake."

"Tangu lini?"

"Miaka minne sasa."

"Na hukuniambia?"

"Ungeuliza ningekwambia," alisema fundi friji bila ubaya. "Lakini wewe huwa huulizi, jirani. Huwa unaeleza."

Bibi Kilo alikuwa mwanamke mnene wa makamo, amevaa buti za mpira, amekaa kwenye kiti cha gari kilichowekwa kando ya mizani kubwa. Nyuma yake uwanja ulijaa vilima: mabati, mashine za kufulia, televisheni zilizopasuliwa vifua. Kila kitu hapo kiliuzwa kwa kilo, na jina lake lilitokana na hilo.

"Karibu, mzee. Chuma, shaba au aluminiamu?"

"Mimi ni mta..." alianza Daktari. Mtaalamu wa urejeshaji wa mitambo ya kale. Lilikuwa limeshafika kwenye meno. Akalimeza. "Mimi niliunguza redio ya mama mkwe wangu."

Bibi Kilo alimtazama. "Uliunguzaje?"

Alimweleza. Alipofika kwenye "inajisafisha", Bibi Kilo aliinua mkono asimamishe, akageukia uwanjani na kupaaza sauti: "Nyie! Acheni mapipa, njooni hapa! Mzee, anza upya. Anzia pale shemeji alipoangalia saa."

Wakaja wafanyakazi sita, wanaume wanne na wanawake wawili, wakajipanga na nyundo zao. Daktari alianza upya. Aliwapa moshi, aliwapa karatasi kwenye mfuko wa shati, na kwa kuwa aibu ikishafika kiunoni hakuna haja ya kunyanyua suruali, aliwapa na zile taa za harusi. Mmoja ilibidi ashikilie mizani asianguke. Cha ajabu ni kwamba kufikia katikati hakuwa tena akisimulia kwa kulazimishwa. Alikuwa akiigiza hata sauti ya mkewe.

"Twende," alisema Bibi Kilo, akijifuta machozi kwa kiganja. "Vya kituo viko ndani."

Kwenye banda mlikuwa na makreti kumi na saba. Bibi Kilo alifunua la kwanza, na Daktari akainama karibu. Mamia ya taa za kioo, nyingine bado ndani ya maboksi yake ya karatasi. Vipande vidogo vidogo vya ndani ya redio, maelfu, vimepangwa kwenye makopo ya maziwa: vyekundu peke yake, vya kahawia peke yake, vya bluu peke yake.

"Nani aliyepanga hivi?"

"Mimi. Sijui ni vitu gani, nikapanga kwa rangi. Nimekosea?"

Daktari wa zamani angetoa mhadhara. "Ningekuwa mimi, nisingevipanga kabisa," alisema.

Alitafuta siku nzima na nusu ya siku ya pili, amepiga magoti, mafua ya vumbi yakimtoka. Mchana wa Jumatano, ndani ya kreti la kumi na mbili, alizipata taa mbili zenye zile herufi nne. Kapasita za kreti zote zilikuwa zimekauka, za umri mmoja na zile alizozilipua. Lakini alipotoka nje kupunga upepo alisimama mbele ya kilima cha televisheni zilizokufa, akapiga paji la uso kwa kiganja. Ndani ya kila televisheni ile kuna kapasita ya umeme mkubwa. Alikuwa amezipita hapo tangu jana, akiziruka.

Bibi Kilo aliweka taa mbili na kapasita nne juu ya mizani. Mshale haukutikisika.

"Hazina uzito," alisema. "Siwezi kuuza kisicho na uzito. Uje Jumamosi mbili tatu unipangie yale makopo, uniandikie kila kimoja kinaitwaje na kinafaa nini. Wanakuja watu hapa wanauliza vitu kama wewe, nami nawafukuza kwa kutojua. Juzi alikuja mmoja kutoka mbali kabisa, amefunga kitaa kama hicho kwenye leso."

"Kwenye leso?"

"Kama jino," alisema Bibi Kilo.

*

Daktari alifanya kazi hiyo siku nne, na mara hii aliifanya kama inavyotakiwa. Aliutoa utumbo wa plastiki na kibalbu cha njano. Alibadilisha kila kapasita iliyokuwa na sura ya kutiliwa shaka. Aliipitishia umeme kwenye balbu, akakaa nayo alasiri nzima akiipima, haongei na mtu. Kinyozi alipopita kumchokoza, alimjibu tu, "Sijui bado." Kinyozi alikwenda kumuuliza mkewe kama mumewe anaumwa.

Jumapili shemeji alikuja kwa kuitwa na mama yake. Alikaa ukingoni mwa kochi akiwa amevaa, kwa makusudi, shati jeusi. Daktari aliileta redio, akaiweka juu ya meza ndogo mbele ya mama mkwe, akaunganisha nyaya na kujizuia kusema lolote. Akazungusha kifundo cha kushoto.

Kimya. Shemeji akamtazama mkewe Daktari. Mkewe Daktari akatazama dari. Sekunde kumi zikapita, ishirini, na Daktari akazihesabu zote kwa jasho la mgongoni. Nyuma ya kitambaa taa zikaiva moja moja. Mvumo ukaja, mdogo, ukakua. Na kutoka chini ya mvumo, kama mtu anayepanda ngazi kutoka chumba cha chini, sauti ya mtangazaji wa habari ikapanda, ikanyooka, ikajaa sebule.

Hakuna aliyepiga makofi. Shemeji alikuwa amesogea nyuma mpaka mgongo ukagusa kochi, mdomo wazi kidogo, kama mtoto wa miaka minane.

"Ndiyo yenyewe," alinong'ona mwalimu. "Baba alikuwa anakaa pale. Hakuna aliyeruhusiwa hata kupiga chafya."

Mama mkwe alisikiliza kichwa kikiwa kimeinama upande mmoja. Alisikiliza habari za bunge, akasikiliza habari za bei ya saruji. Wote walimngoja alie. Shemeji alikuwa tayari ameshatoa leso.

"Vifundo viko wapi?" alisema mama mkwe.

"Mama?"

"Cha kubadilishia. Nionyesheni."

Daktari aliushika mkono wake kwa adabu, akauweka juu ya kifundo cha kulia. Mama mkwe alikipapasa kote kwa vidole, kama mtu anayekagua tunda.

"Miaka thelathini na nne," alisema. "Nimesikiliza bei ya saruji miaka thelathini na nne. Sikuwahi kujenga. Hiki hakuna aliyekigusa ila marehemu."

Akakizungusha. Bunge lilikatika katikati ya neno. Zikaja miluzi, mikwaruzo, kipande cha gita, mwanamume akihubiri, kimya chenye upepo. Vidole vyake vilikuwa vikali mwanzoni, kisha vikalegea, vikaanza kwenda na kurudi vyenyewe. Mahali fulani mbali kabisa kwenye ncha ya namba alikutana na wanawake wawili wakiongea kwa lugha ambayo hakuna mtu nyumbani humo aliyeijua, haraka haraka, wakikatana maneno, wakicheka. Mama mkwe akaacha mkono hapo.

"Mama, hiyo hatuielewi," alisema shemeji. "Ngoja nikurudishie..."

"Thubutu."

Shemeji aliurudisha mkono wake mapajani. Wale wanawake wawili waliangua kicheko kwa jambo walilolijua wao, na mama mkwe akacheka nao, mabega yakimtikisika, meno yote nje. Mwalimu alimtazama mama yake kana kwamba ameingia mgeni.

Ila kituo hakikukaa sawasawa. Kulikuwa na mkwaruzo mdogo pembeni, wa unywele tu, ambao ungeondoka kwa kusogeza kifundo kidogo mno kushoto. Daktari alivumilia. Alivumilia tena. Mwisho mkono wake ukanyanyuka wenyewe, ukasogea taratibu juu ya meza, vidole viwili mbele.

Mama mkwe, ambaye hakuwa anaona, aliupiga kofi mkono ule, pa!, katikati kabisa ya mgongo wa kiganja.

"Kazi yako imekwisha, Daktari," alisema. "Kaa."

Daktari akakaa sakafuni, karibu na mguu wa meza, akiusugua mkono wake na kutabasamu kama mjinga, akisikiliza maneno ambayo, kwa bahati njema, hakuyajua hata moja la kumweleza mtu.